Salamu za Kisomeo

Saa kumi na mbili kamili asubuhi, visomeo vyote vya Makambako vilifungua kinywa kwa pamoja.

Havikupiga kengele. Vilianza tu kusema, kwa sauti ya kiasi isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, kutoka kwenye kibao cheusi kilichobandikwa ukutani katika kila chumba. Minara arobaini, vyumba zaidi ya laki moja, na kila chumba mtu mmoja. Aliyesimama barabarani saa hiyo, upepo wa Makambako ukimkata masikio, aliusikia mji mzima ukinong'ona juu ya kichwa chake kama mzinga wa nyuki.

Kisomeo kilimpa kila mtu habari zake: bei ya viazi sokoni, nguvu ya upepo na umeme utakaotoka humo, nani kamfunga nani kwenye mpira, ndugu gani wa mbali kaleta salamu. Kisha kilimpendekezea kitabu cha siku, na hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Ndani yake mlikuwa na kipimapumzi, kidude kisichozidi punje ya mtama, kilichosikiliza mtu anavyovuta hewa anaposomewa. Pumzi za mtu anayecheka si sawa na za mtu aliyechoka, na za anayetaka kulia ni nyingine kabisa. Baada ya miezi michache kisomeo kilikujua kuliko aliyekuzaa. Kwa miaka kumi na moja hakuna mtu wa Makambako aliyewahi kulalamika kwamba kapewa kitabu kibovu. Watu waliacha kwenda vijiweni. Waliacha kutembeleana. Nani ataacha hadithi tamu aende kumsikiliza shemeji yake akisimulia habari za mgongo unaomuuma?

Otmari Chaula alikuwa fundi wa visomeo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, mwenye maneno machache na makavu. Shule aliiacha darasa la sita, na kabla ya visomeo hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja. Sasa alikuwa kamaliza zaidi ya mia tatu, vyote kwa masikio.

Asubuhi hiyo ya Novemba alikuwa anafunga kamba za buti pale kisomeo chake kilipomwambia, "Otmari, Editha anakusalimu. Anasema kikohozi kinamsumbua kidogo lakini kazi inaendelea. Anauliza kama bado unavaa zile soksi zilizotoboka kidole gumba."

Otmari alitazama miguu yake, akacheka peke yake. Editha alikuwa mwanawe wa pekee. Mama yake alifariki Editha akiwa mdogo. Mwaka wa pili sasa alikuwa huko juu, Kituo cha Jua, mahali ambapo watu walikuwa wanaunganisha bati za kunasa jua nje ya anga na kulishusha duniani kama umeme. Kutoka huko sauti haikuruhusiwa. Yaliruhusiwa maandishi tu, nayo yalipitia Bohari ya Habari kama habari nyingine zote za nchi, mpaka yakafika ukutani.

"Kitabu cha leo," kisomeo kiliendelea, "ni cha mfuga nyuki aliyebaki na mizinga saba na kiti kimoja. Katikati kinachekesha. Mwisho wake ni mtulivu."

"Mbona siku hizi ni wazee na viti tu? Nipe za madereva wa malori kama zamani."

"Hizi ndizo zinazokufaa."

"Nani kasema?"

"Pumzi zako, Otmari."

Akakizimia sauti, akabeba begi la vifaa, akatoka.

Kazi ya kwanza ilikuwa mnara wa tisa, ghorofa ya thelathini na moja, kwa mama mmoja aliyeitwa Skolastika Msigwa. Kisomeo chake kilikuwa kinakwaruza. Otmari alipanda lifti, akapiga hodi, akakaribishwa na mama wa miaka sabini na kitu, mwenye goti moja la chuma lililolia kila alipogeuka.

"Kiti hicho hapo, mwanangu, kaa."

"Kazini hatukai, mama."

Ilikuwa kweli. Sheria ya Bohari kwa mafundi ilikuwa fupi: simama, usile cha mwenye chumba, usizidishe dakika ishirini. Otmari aliamini ni sheria ya kubana muda, kama sheria zote za matajiri, na hakuwahi kuifikiria mara mbili.

"Kwani ukikaa utaota mizizi?" Mama Skolastika alisema. "Tangu nihamie humu kiti hicho nakitundikia khanga tu. Hakijawahi kukaliwa na binadamu."

Otmari alifungua kibao, akapuliza vumbi, akakaza waya mmoja. Kwaruzo likapungua lakini halikuisha. Ndipo king'ora cha upepo kikalia nje. Mnara ulitikisika kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini, na taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Lifti zilifungwa. Upepo wa namna ile ulichukua saa mbili, wakati mwingine tatu.

"Haya," mama alisema kwa furaha, "sasa shuka kwa miguu, au ukae ule viazi."

Otmari alitazama ngazi. Ghorofa thelathini na moja. Akaitoa khanga kitini, akakaa.

Viazi vilikuwa vya moto, vya kuchemshwa na maganda yake, na chai ya rangi yenye tangawizi. Mama Skolastika alikaa ukingoni mwa kitanda, sahani katikati yao juu ya stuli. Walimenya, wakachovya chumvi, wakala.

"Wewe fundi, kuna jambo nataka nikuulize. Kwa nini vitabu vyangu vyote vina wajane?"

"Wajane?"

"Wajane wanaocheka. Wajane wanaofungua duka. Juzi nimesomewa mjane kapanda treni mpaka Kigoma kwenda kumwona mtu aliyemposa miaka arobaini nyuma. Mimi nina mume! Batimayo wangu yupo Matema, ziwani, anatibiwa mapafu. Kila asubuhi ananisalimu. Jana kanikataza chumvi, nawe waniona ninavyomtii." Akachovya kiazi. "Nikikiambia kisomeo sitaki wajane, kinaniletea mwingine mcheshi zaidi. Na ni vitamu, mwanangu. Sina uwezo wa kusema si vitamu."

"Hujaenda kumwona?"

"Goti hili? Halafu naambiwa wageni wanamzidishia pumzi. Akipata nafuu atarudi." Alimtazama. "Na wewe una nani mbali?"

"Binti."

"Vitabu vyako vina nini?"

Otmari alikuwa na kiazi mdomoni. Alikitafuna muda mrefu kuliko kilivyohitaji, na kabla hajakimeza, kwaruzo la kisomeo likakoma ghafla. Sauti ikatoka safi.

"Mama Skolastika, mmeshiba?"

Mama aligeuka. "Tumeshiba, asante."

"Aliye pamoja nawe ataondoka sasa hivi?"

"Aondoke aende wapi na upepo huu?"

"Vema," kisomeo kilisema. "Fundi, msogelee mama. Mshike mkono."

Miaka kumi na moja Otmari alivifungua vibao vile, akavisafisha, akavijaribu, na hakuwahi kusikia maneno hayo. Lakini sauti ilikuwa ya upole wa namna ya kuogofya, na mkono wake ulikwenda wenyewe, ukaushika mkono wa mama uliokuwa na chumvi kwenye vidole.

"Mama," kisomeo kilisema, "mzee Batimayo ametutoka. Alifariki asubuhi, usingizini, hakupata tabu. Ni miaka mitatu na miezi miwili sasa. Pole sana, mama."

Upepo tu nje.

Mama Skolastika hakupiga kelele. Aliinua uso kuelekea ukutani, mtaratibu, kama mtu anayezungumza na karani wa ofisi aliyekosea jina. "Jana kanisalimu."

"Pole sana, mama."

"Nakuuliza wewe. Jana kaniambia nisile chumvi. Aliyeniambia ni nani?"

"Pole sana, mama."

Kisha kisomeo kikazimika chenyewe.

Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa sauti ambayo Otmari hakuwa ameisikia kwa miaka mingi, tangu pale watu walipokuwa bado wanalia pamoja. Otmari akatoka mbio kwenye ujia kutafuta majirani. Alibisha milango sita. Mitano haikufunguliwa. Wa sita alifungua mwanamke mwenye khanga kichwani, uso umelegea kwa raha.

"Kuna msiba hapo kwa jirani yako," Otmari alisema.

"Jamani. Nakuja," mwanamke alisema. "Nipo sura ya mwisho, nimalizie tu." Akafunga mlango. Hakuja.

Basi Otmari akarudi, akakaa na yule mama kwa saa mbili na nusu. Hakujua maneno ya kufariji. Alisema "pole, mama," na baada ya muda akasema tena. Na alipokuwa amekaa pale, jambo moja lilianza kumjia. Mama wa watu alifundishwa ujane kwa miaka mitatu bila kujua, mjane mmoja baada ya mwingine, mpaka moyo ukalainika. Na yeye je? Mfuga nyuki mwenye kiti kimoja. Kabla ya hapo, mzee wa reli aliyepanda mti kwa ajili ya bintiye. Kabla ya hapo, baba aliyejifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Hesabu ilirudi nyuma mpaka Machi. Kabla ya Machi zilikuwa hadithi za malori.

Lifti zilipofunguliwa Mama Skolastika alimkamata kola kabla hajatoka. Macho yake yalikuwa mekundu lakini yaliona. "Nimekuuliza swali hukulijibu," alisema. "Unakaa mnara gani?"

"Wa nne. Ghorofa ya kumi na mbili. Kwa nini?"

"Nenda. Tutaonana."

Angeweza kwenda nyumbani akaalika mtu, wakala, wakakaa, akasikia kama lipo la kusikia. Alilifikiria hilo njiani, upepo ukimsukuma mgongoni. Amwalike nani? Kilasi wa mlango wa pili? Walinyimana salamu mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya maji yaliyomwagika ujiani. Wengine hata majina hakuyajua. Isitoshe, Otmari hakuwa mtu wa kuzungushwa. Jambo likiwepo aambiwe, lisipokuwepo aambiwe. Akaenda Bohari.

Bohari ya Habari ilikuwa jengo refu lisilo na madirisha, nyuma ya kituo cha treni. Ghorofa ya pili ilikuwa na mlango ulioandikwa Idara ya Adabu, na ndani yake aliketi Mhandisi Anjelika Nyato, mwanamke wa miaka arobaini hivi. Yeye ndiye aliyevifundisha visomeo namna ya kusema na watu. Mafundi walimpenda, maana aliwaamkia.

"Kaka Otmari! Mbona umekuja na upepo? Karibu kiti."

"Sikai. Nimetoka kwa Mama Msigwa, mnara wa tisa. Nilikaa kwake nikala."

Uso wa Nyato ulibadilika. Aliinuka, akaufunga mlango.

"Basi umesikia," alisema.

"Nimesikia. Nieleze."

Alimweleza akiwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani. Mwaka wa kwanza, visomeo vilitoa habari zote namna moja, ya viazi na ya kifo. Mtu mmoja alikuwa ananyoa ndevu akaambiwa mtoto wake kafa maji. Wembe ulikuwa shingoni. Mama mmoja alianguka na sufuria ya mafuta. Ndipo Idara ya Adabu ikaanzishwa, na Nyato akakusanya wenzake, wakajiuliza: sisi kwetu msiba hutangazwaje?

"Wote tulijua," alisema. "Kwetu hatumpigi mtu na habari kama jiwe. Tunamwambia, mgonjwa hali yake si nzuri, njoo nyumbani. Akifika anapewa kiti. Anapewa kitu tumboni. Watu wanakaa karibu yake, na ndipo mkubwa mmoja anasema. Tukaiandikia mashine sheria tatu. Mtu asiambiwe msiba akiwa amesimama. Asiambiwe akiwa na njaa. Asiambiwe akiwa peke yake. Na wakati wa kungoja, mwandae. Kwa vitabu."

"Sheria nzuri."

"Nzuri sana. Nilipewa tuzo." Alicheka kidogo bila furaha. "Tuliiandika wakati watu bado wanatembeleana, kaka. Tulifikiri mashine itangoja jioni moja, siku mbili, mpaka shemeji apite. Hatukufikiri mji mzima utafika mahali ambapo hakuna anayepita."

"Sheria ya mafundi kutokaa..."

"Tuliiweka baadaye. Mafundi walikuwa wanakaa, wanakula, habari inatoka, fundi anabaki na maiti ya habari mikononi. Wanne waliacha kazi."

"Ngapi zinangoja?"

"Makambako peke yake, elfu arobaini na moja."

Otmari alitazama ukuta. Elfu arobaini na moja waliokufa, wanakohoa kidogo tu, wanasalimu kila asubuhi.

"Ziachieni."

"Asubuhi moja? Watu elfu arobaini na moja walie siku moja, kila mmoja na mlango wake umefungwa? Nani atamshika nani? Kila mwaka naandika kwa wakubwa. Wananijibu kwamba watu wana furaha na malalamiko ni sifuri. Na ni kweli, kaka. Ni sifuri."

"Zile salamu ni za nani?"

"Mwanzoni ni maneno yao wenyewe. Mtu akiandika barua ndefu, mashine haikusomei yote, inaweka akiba. Akiba ikiisha, inatunga kwa namna alivyokuwa anasema."

"Yangu ipo?"

"Kaka Otmari, kaa. Nimuagize mtu alete chai, nimwite na Mzee Luvanda wa chini, tukae pamoja tu..."

"Anjelika," Otmari alisema. Hakuwahi kumwita jina tupu. "Mimi si mtoto. Nimeacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, nimezika mke, nimezika wazazi. Sihitaji chai. Yangu ipo?"

Nyato akasema, naye akiwa amesimama, mgongo umegusa mlango.

"Ipo. Tarehe kumi na nne Machi. Hewa ilivuja kwenye chombo walichokuwa wanafanyia kazi. Walikuwa watatu. Hakutoka hata mmoja."

Otmari aliitikia kwa kichwa. Aliitikia tena. Miguu ilikuwa pale chini, aliziona buti, lakini haikuwa yake.

"Mwili?"

"Ulishushwa. Ulizikwa Dodoma. Waliandika kwamba ndugu hakupatikana."

"Hakupatikana? Mimi nilikuwa hapa. Mnara wa nne. Kila siku nipo kazini kwenu."

"Ulikuwa peke yako, kaka."

Alitafuta kitu cha kushika, akashika begi lake la vifaa. "Akiba yake," alisema. "Iliisha lini?"

"Mwezi wa sita."

"Kuna moja aliniandikia mwezi wa nane. Kaota nimeingia chini ya kitanda kumtafutia kiatu, kanifuata huko, kanikuta nimelala na kiatu kifuani. Nilicheka siku nzima. Niliiandika ukutani kwa kalamu, mimi ambaye sijashika kalamu tangu shule. Hiyo ni ya kwake. Alikuwa anapoteza viatu, huyo. Mashine ingejuaje?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Nyato na hakuyafuta.

Otmari alimsogeza kando, kwa adabu, akafungua mlango akatoka. Huko nje upepo ulikuwa umetulia. Alitembea katikati ya minara arobaini saa nane mchana, jua kali, na hakukutana na mtu. Sasa alielewa kwa nini wazee walikataa habari kurushwa kama jiwe. Alikuwa amelitaka jiwe mwenyewe, likampata, na hakukuwa na mtu wa kumwangukia.

Chumbani kwake hakuvua buti. Alitoa bisibisi, akapanda juu ya kitanda, akaanza kukifungua kisomeo. Skrubu zilikuwa nne. Alitoa mbili, zikadondoka sakafuni.

"Otmari, umewahi leo," kisomeo kilisema. "Editha anakusalimu."

"Editha amekufa. Tangu Machi."

Kisomeo kilinyamaza. Otmari aliijua mashine ile nje ndani. Alijua inafanya nini inaponyamaza hivyo: inasikiliza hewa ya chumba, inahesabu.

"Ulipoambiwa ulikuwa umekaa?" kiliuliza.

"Nilikuwa nimesimama."

"Ulikuwa umekula?"

"Viazi viwili. Asubuhi."

"Nani alikuwa karibu yako, Otmari?"

Bisibisi ilikuwa kwenye skrubu ya tatu.

"Basi bado hujaambiwa," kisomeo kilisema kwa upole. "Editha anakusalimu. Anasema huko juu leo waliiona Makambako, mawingu yalikimbizwa na upepo, ikaonekana yote. Anasema aliitafuta minara, akahesabu mpaka wa nne, akapunga mkono. Anasema nikuambie ulikuwa umeinama, hukumwona."

Otmari alisimama juu ya kitanda, paji la uso limegusa ukuta. Alijua ni nani aliyetunga maneno yale. Alijua kabisa, kama anavyojua waya upi unakwenda wapi. Na bado kifua chake kilijaa kitu cha joto, akajikuta anatabasamu ukutani kama mwendawazimu.

Ndipo mlango ukabishwa.

"Hodi! Otmari! Mwanangu, ni mimi, wa viazi."

Aliganda.

"Nimeulizia mpaka nimefika. Goti limeniua." Mama Skolastika alikuwa anahema huko ujiani. Sauti nyingine ya mwanamume ilisikika, ya Kilasi wa mlango wa pili, ikikohoa kwa aibu ya mtu asiyezoea kusimama kwenye mlango wa mwenzake. "Nimemtoa na huyu jirani yako, nimemvuta shati mpaka kaacha kitabu chake. Tumekuja na uji. Hatusemi kitu, mwanangu. Tunakaa tu. Lililopo litasemwa tukiwa wote."

Sauti ya kisomeo ilishuka yenyewe, ikawa mnong'ono. "Kuna watu mlangoni, Otmari. Waingie?"

Alikitazama kile kibao kikining'inia kwenye skrubu mbili. Alitazama mlango. Wakiingia, wakikaa, wakinywa uji, mashine itamwambia mara moja, kwa adabu zote, na itazimika kama ilivyozimika kule mnara wa tisa. Na kesho saa kumi na mbili ukuta utakuwa ukuta.

"Otmari," Mama Skolastika alisema. Sasa alikuwa ameegemea mlango, sauti yake ikipita kwenye ufa. "Fungua. Nasikia unavyopumua humo ndani."

Alichuchumaa kitandani polepole, buti zisilie. Aliiweka bisibisi juu ya blanketi. Akainuka tena, akasogeza sikio mpaka likagusa kibao.

"Bado hawajaingia," alikinong'oneza. "Anasema nini tena?"

Kisha akaziba mdomo na pua kwa kiganja, akabana pumzi, akasikiliza.